Kufasiri Maandiko Matakatifu katika Kipindi cha Dini: Jibu ni la Nani?

Katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka jana tuliketi nyuma ya Darasa la Sita katika shule moja isiyo mbali na chuo chetu, fomu ya tathmini ikiwa magotini, tukimwangalia mwanachuo wetu akiwafundisha watoto wa Kikristo katika kipindi cha dini. Somo lilikuwa mfano wa mwana mpotevu, kama ulivyo katika Injili ya Luka, sura ya 15. Andalio la somo lilikuwa limeandikwa vizuri, lengo mahsusi limetajwa, na zana ilikuwapo: nguruwe aliyechorwa kwa makaa kwenye karatasi ya manila. Mwanachuo akasoma, akaeleza, kisha akauliza swali lake la tatu: kwa nini yule kijana aliona njaa? Jibu lililotarajiwa, ambalo tulikuwa nalo mbele yetu katika nakala ya andalio, lilikuwa kwamba kijana alitapanya mali aliyopewa na baba yake. Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akanyosha mkono, akasema, "Kwa sababu watu wa huko hawakumpa chakula, mwalimu."

Mwanachuo alisita. Akalitazama andalio lake, akatutazama sisi, kisha akafanya jambo ambalo hatukumfundisha. Akamwuliza yule mtoto, "Umeonyeshwa na neno gani?" Msichana akaomba Biblia, maana hakuwa na yake, akatafuta kwa kidole, akasoma mwisho wa aya ya 16, mahali inaposemwa kwamba kijana alitamani hata chakula cha nguruwe na hapakuwa na mtu wa kumpa kitu. Darasa likaamka. Mvulana mmoja akasema kwamba watu wale walifanya haki, kwa kuwa aliyekula chake asile cha wenzake. Mwingine akasema kwamba kwao hata mlevi hanyimwi chakula. Wa tatu akauliza kama watu wa nchi ile nao walikuwa na njaa. Kengele ikalia kabla mwanachuo hajafika kwenye hitimisho, na lile zoezi la kuandika lililokuwa limeandaliwa ubaoni halikufanywa.

Tulimpa alama ya C. Katika nafasi ya maoni tuliandika kwamba mwalimu alishindwa kuyatawala majibu ya wanafunzi na kwamba somo halikufikia lengo. Yeye alitia sahihi yake chini bila kusema neno.

Tunalieleza tukio hili mbele ya walimu wenzetu kwa sababu tunaamini sasa kwamba siku ile aliyekosea ni mkufunzi, na kwamba kosa lake si lake peke yake. Ni kosa ambalo sisi sote tunaowaandaa walimu wa dini tumelilea kwa miaka mingi, tukidhani kwamba tunailinda imani.

Miezi michache baada ya mazoezi kwisha tulipata kusoma habari za Mark Allan Powell, mtaalamu wa Agano Jipya wa Marekani, aliyeeleza katika kitabu chake kilichotoka mwaka 2007 jinsi alivyowapima wasomaji wa mfano huu huu. Njia yake ilikuwa nyepesi, na mwalimu yeyote aweza kuitumia. Aliwapa watu mfano wausome, wafunge kitabu, kisha kila mmoja amsimulie mwenzake kwa kadiri alivyokumbuka. Kati ya wanafunzi 100 wa Marekani, wote 100 walisimulia jinsi kijana alivyotapanya mali, lakini 6 tu walikumbuka kutaja kwamba njaa kuu iliingia katika nchi ile. Powell akafanya vivyo hivyo katika mji wa St Petersburg, huko Urusi. Kati ya watu 50, waliotaja njaa kuu walikuwa 42. Tofauti hii haishangazi sana mtu akikumbuka kwamba mji ule, ulipoitwa Leningrad, ulizingirwa na majeshi ya Ujerumani tangu mwaka 1941 hadi 1944, na kwamba mamia ya maelfu ya wakazi wake walikufa kwa njaa. Wajukuu wa watu waliopona hawawezi kulipita neno njaa bila kusimama.

Kisha Powell akafika Tanzania. Hapa aliwauliza wanafunzi wa theolojia swali lile lile ambalo mwanachuo wetu aliwauliza watoto: kwa nini kijana yule aliona njaa? Wengi wao hawakutaja kutapanya mali, wala hawakutaja njaa kuu. Walijibu kwamba hapakuwa na mtu aliyempa chakula. Walieleza kwamba kijana alikuwa mgeni katika nchi isiyo yake, na mgeni aweza kuishiwa fedha kwa kutojua mambo ya huko. Nchi inayomwacha mgeni ashindane na nguruwe kwa chakula, walisema, ndiyo inayopaswa kuona haya, na ndiyo maana mfano unaiweka nchi ile upande mmoja na nyumba ya baba upande wa pili.

Tuliposoma hayo tulimkumbuka yule msichana wa karibu na dirisha.

Yafaa tuitazame habari hii kwa uangalifu, kwa maana ni rahisi kuichukulia vibaya. Mtu aweza kusema: tazameni, kila taifa lajisomea linachokitaka, basi Maandiko hayana maana yake yenyewe. Sivyo kabisa. Fungua Luka 15, soma kuanzia aya ya 13 hadi ya 16, utaona kwamba mambo yote matatu yamo, yamefuatana, kila moja katika nafasi yake. Kijana alitapanya mali. Njaa kuu ikaingia. Hakuna aliyempa kitu. Mmarekani hakuzusha, Mrusi hakuzusha, wala Mtanzania hakuzusha. Kila mmoja alisoma neno lililoandikwa, na kila mmoja aliruka maneno mawili yaliyoandikwa kando yake. Kwa hiyo ufasiri wa mtu binafsi si adui wa Maandiko. Adui wa Maandiko ni ufasiri wa mtu mmoja uliokataa kukaa pamoja na ufasiri wa wengine mbele ya ukurasa ule ule. Na andalio la somo lenye jibu moja, ijapokuwa jibu hilo ni sahihi, ni ufasiri wa namna hiyo.

Sisi tuliofundishwa dini shuleni twajua jinsi tabia hii inavyozaliwa. Katika shule ya msingi tulikariri aya za moyo. Katika sekondari tulifanya mtihani wa Maarifa ya Biblia, tukajua safari za Paulo kwa mpangilio wake na sababu za kukataliwa kwa mfalme Sauli zikiwa zimepangwa kwa namba, tayari kuandikwa. Hatuyadharau maarifa hayo. Mtu asiyejua kwamba Amosi alikuwa mchungaji wa mifugo kutoka Tekoa hataelewa kwa nini makuhani wa Betheli walimchukia. Lakini jambo moja halikufanyika katika miaka yote hiyo: hakuna aliyetuuliza tumeona nini. Na sasa wanachuo wetu wanakuja katika hali hiyo hiyo. Kila mwaka, katika juma la kwanza la somo la mbinu za kufundishia, huwa tunawapa kifungu kifupi na kuwaambia waandike kile kinachowagusa. Huandika mistari miwili, kisha mkono mmoja hunyoshwa na swali huja, karibu kwa maneno yale yale kila mwaka: "Mkufunzi, sasa jibu lenyewe ni lipi?"

Mtu anayeuliza hivyo akiwa na umri wa miaka ishirini hajakua katika imani kwa kadiri alivyokua kwa kimo. Hatusemi hivyo kwa kumlaumu. Amefundishwa kwamba Neno la Mungu ni mali ya mwingine, naye kazi yake ni kuliazima na kulirudisha bila mkwaruzo.

Katika mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule zetu zimjenge mtoto mwenye akili ya kudadisi, mwenye uwezo wa kujifunza kutokana na yale wanayofanya wengine huku akichagua la kuchukua na la kuacha, na mwenye kujiamini kama mtu huru aliye sawa na wenzake. Tumejitahidi kulileta wazo hilo katika sayansi na kilimo. Katika kipindi cha dini tumeliacha nje ya mlango, kana kwamba mtoto anayedadisi juu ya mbegu ya maharage ni mwerevu, na anayedadisi juu ya mbegu ya Injili ni mtundu.

Tunajua hofu iliyo nyuma ya jambo hili, na si hofu ya kipuuzi. Wachungaji na makatekista tuliozungumza nao husema: mkiwafungulia watoto mlango huu, kesho kila mmoja atakuwa na dini yake. Nao hutaja mambo yaliyotokea. Katika mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, wakiwamo watoto wengi, na mhubiri wa kundi lao akashtakiwa kwamba aliwahimiza wafuasi wake wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Kabla ya hapo, Machi 17, 2000, huko Kanungu nchini Uganda, mamia ya waumini wa kikundi kilichongojea mwisho wa dunia walikufa ndani ya jengo lao la ibada lililoteketea kwa moto. Haya si mambo ya kutajwa kwa haraka mbele ya darasa, na mwalimu atakayeyataja ayataje kwa heshima ya wafu.

Lakini tujiulize ni ugonjwa gani uliowaua watu wale. Je, walikuwa watu waliozoea kuuliza, "Umeonyeshwa na neno gani?" Kwa maoni yetu ilikuwa kinyume chake. Katika mikusanyiko ya namna hii mtu mmoja husoma na wengine huitikia. Mmoja akishayamiliki maana ya Maandiko, wenzake hawana mahali pa kusimama wanapoambiwa jambo la kutisha, maana hawakuwahi kuombwa wasimame. Mtoto aliyezoezwa katika darasa letu kulipokea jibu kwa sababu tu limetoka kinywani mwa aliye mbele ya ubao, tumemtayarisha kwa ajili ya mwalimu mwema, na vile vile kwa ajili ya mhubiri mwovu. Yeye mwenyewe hataweza kuwatofautisha.

Wengine hututajia Waraka wa Pili wa Petro, sura ya kwanza, unaoonya kwamba unabii wa Maandiko haufasiriwi kama apendavyo mtu mwenyewe. Twalikubali onyo hilo lote. Ila hatuoni kwamba dawa yake ni mwalimu mmoja kuwapa wanafunzi tisini ufasiri apendao yeye.

Kielelezo bora cha kazi ya mwalimu wa dini kimo katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, nasi twashangaa kwamba hakitumiwi zaidi katika vyuo vya ualimu. Mwethiopia mmoja, mtu mkubwa katika hazina ya malkia, alikuwa safarini akirudi kwao, akisoma kitabu cha nabii Isaya ndani ya gari lake kwa sauti. Filipo akapiga mbio, akamsikia. Tuangalie utaratibu wake kama wakufunzi wanavyoangalia somo. Kwanza, Filipo alisikiliza kabla hajasema. Pili, alianza kwa swali, nalo lilihusu kuelewa kwa msomaji. Tatu, alipokaribishwa alipanda, akaketi kando ya msomaji, wote wawili wakikitazama chuo kimoja. Nne, Mwethiopia ndiye aliyeuliza swali zito, kama nabii alisema habari zake mwenyewe au za mtu mwingine, ambalo ni swali la ufasiri hasa. Tano, Filipo alianzia katika andiko lile lile ambalo mtu yule alikuwa analisoma, hakumpeleka kwenye somo alilokuwa amejiandalia. Kisha baada ya ubatizo mwalimu aliondolewa, na mwanafunzi akaendelea na njia yake akifurahi. Hakukaa barabarani akimlilia Filipo. Ni wangapi kati ya wanafunzi wetu watakaoendelea kuifungua Biblia siku mwalimu atakapoondolewa?

Twajua pia kwamba Mwethiopia alikiri kuwa hawezi kuelewa bila mtu wa kumwongoza. Kwa hiyo hatusemi kwamba mwalimu anyamaze tu. Martin Luther, aliyelitoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522 ili watu wa kawaida wajisomee, alipotembelea sharika miaka michache baadaye alisikitika kuona jinsi watu walivyokuwa hawajui kitu, na mwaka 1529 akaandika Katekisimu Ndogo kwa ajili ya mafundisho ya nyumbani. Katika kitabu hicho, baada ya kila amri na kila ombi, huja swali fupi la kuuliza maana yake. Swali lile lilikusudiwa lizungumzwe na baba na watoto wake. Sisi tumeligeuza kuwa imla. Kwa upande wa Kanisa Katoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya ufunuo wa Mungu ya Novemba 18, 1965, uliwahimiza waamini wote wayasome Maandiko mara kwa mara, na leo katika jumuiya ndogo ndogo nyingi za Afrika Mashariki waamini huisoma Injili kwa hatua saba zilizotungwa katika Taasisi ya Lumko huko Afrika Kusini. Katika hatua hizo watu hulirudia neno lililowagusa kwa sauti, hukaa kimya, hushirikishana, na hakuna anayemhubiria mwenzake. Jirani zetu wasiopita chuo chochote hufanya hivyo kila juma sebuleni na chini ya miembe. Inakuwaje sisi wenye diploma tushindwe darasani?

Kuna jambo jingine linalotusaidia sisi wasomaji wa Kiswahili. Neno "tafsiri" na neno "fasiri" yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, na lugha haikukosea. Kila Biblia tuliyo nayo ni ufasiri wa watu fulani. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa lahaja ya huko. Askofu Edward Steere alifanya kazi yake Unguja. Karl Roehl, katika Biblia yake ya mwaka 1937, alijitahidi kuyaepuka maneno mengi yenye asili ya Kiarabu. Biblia ya mwaka 1952, ambayo wengi tunaiita ya Muungano, ilitafutiwa Kiswahili kitakachoeleweka Mombasa na Unguja na bara pia. Pamoja na wageni hao waliketi wenyeji waliowaambia neno hili lafaa, lile halifai, na majina ya wengi wao hayakuandikwa. Mwalimu mwenye tafsiri mbili tofauti za kifungu kimoja, kwa mfano ya mwaka 1952 na ile ya Habari Njema, ana zana bora kuliko nguruwe wa makaa. Awape wanafunzi wazilinganishe. Wataona wenyewe kwamba hata wafasiri wakubwa walisita, wakachagua.

Sasa, mtu aliyesoma hivi anakuaje kiroho? Hapa ndipo mtihani wetu unapoishia, na tungependa kusema tunalolijua kutokana na mtu mmoja tu.

Bibi yetu mzaa mama alijifunza kusoma akiwa mtu mzima. Ilikuwa katika kampeni ya kisomo iliyofuata mwaka 1970, ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Vitabu vya kisomo vilimfundisha habari za pamba na za choo bora, lakini alichokitaka ni Biblia. Kifungu alichokirudia kuliko vyote ni habari za Hajiri, yule mjakazi aliyefukuzwa na Sara akapotea katika jangwa la Beer-sheba, maji yakamwishia kiribani, akamweka mtoto wake chini ya kijiti, akaketi mbali ili asimwone akifa. Katekista alikuwa amewafundisha kwamba sura hizo zahusu imani ya Ibrahimu. Bibi alisikia, akasema ndiyo, akaenda nyumbani kusoma habari za Hajiri. Yeye mwenyewe alifiwa na mumewe angali kijana, akaondolewa na wakwe katika nyumba yake akiwa na mtoto mgongoni. Kwake Mungu alikuwa ni yule aliyemwona mwanamke mahali pasipo na watu. Huo ulikuwa ufasiri wake, hakuupata kwa mtu, na ulimshika kwa miaka mingi.

Kama habari ingeishia hapo, tungesema tu kwamba alifarijika. Lakini miaka ilipita, mtoto yule akakua na kuoa, na mkamwana akakaa miaka kadhaa bila kuzaa. Sisi tulikuwa wadogo. Twakumbuka maneno yaliyosemwa uani, si mazuri. Jioni moja bibi alikuwa akisoma kwa sauti ile ya polepole ya mtu aliyejifunza ukubwani, akafika mahali Sara anapotaka mjakazi atupwe nje, akanyamaza. Akafunga kitabu. Akasema, si kwetu, "Kumbe leo mimi ni Sara." Akajitanda khanga, akaenda nyumba ya pili, akakaa jikoni na mkamwana wake mpaka usiku. Walilosemezana hatukuambiwa.

Tumelifikiri jambo lile mara nyingi tangu tulipoanza kufundisha ualimu. Andiko lilikuwa lile lile, na msomaji yule yule. Kwa miaka mingi lilikuwa upande wake, kisha likageuka likamtazama. Tunadhani dalili mojawapo ya kukua kiroho ni hiyo, kwamba mtu anabaki na andiko muda mrefu wa kutosha hadi limkatalie jambo. Asingefika hapo kama angeishia kwenye jibu la katekista, ambalo halikuwa kosa. Wala asingefika kama angelichukua andiko kuwa faraja yake peke yake na kukataa kuisoma sura yote, maana Sara naye yumo katika sura.

Mambo ya namna hii yalitokea katika kanisa la Afrika Mashariki kwa upana zaidi. Septemba mwaka 1929 daktari Mwingereza aliyeitwa Joe Church, aliyechoka na kazi ya hospitali huko Gahini, Rwanda, alikutana na Simeon Nsibambi, Mganda, katika kilima cha Namirembe mjini Kampala. Wawili hao walitumia siku mbili wakiisoma Biblia pamoja na kuomba. Uamsho uliofuata ulienea Rwanda, Uganda, Kenya na Tanganyika, na watu walisimama hadharani kutubu wizi, chuki na dharau, wakiwamo wamisionari mbele ya Waafrika. Daktari na mwenyeji waliosoma kando kwa kando katika mwaka 1929, wakati wa ukoloni, walikuwa wamekwisha kuvunja jambo fulani kabla hata ya kufungua midomo. Tuongeze, kwa kusema kweli, kwamba ushuhuda nao una hatari yake. Tumewahi kukaa katika mikutano ambamo kila anayesimama husema maneno yale yale kwa mpangilio ule ule, na imla imerudi kwa mlango wa nyuma.

Kwa wanachuo wetu tumebadili mambo machache. Somo la kifungu sasa huanza kwa kusomwa mara mbili, kisha Biblia hufungwa, na kila mwanafunzi humsimulia jirani yake. Wakiifungua tena, kazi yao ya kwanza ni kutafuta walichokiruka. Wanafunzi hulipenda zoezi hili kuliko tulivyotazamia, kwa kuwa kila mtu ana alichokiruka, hata mwalimu. Lile swali la mwanachuo wetu, "Umeonyeshwa na neno gani?", tumeliweka katika mwongozo wa maandalio, na linaulizwa kwa kila jibu, liwe linampendeza mwalimu au la. Jibu lisiloweza kuonyesha neno linawekwa kando bila dhihaka. Mwalimu akiwa na maoni yake huyatoa mwisho, naye huulizwa swali hilo hilo. Mafundisho ya kanisa la wanafunzi husika yanaelezwa waziwazi, yakiitwa kwa jina lake: hivi ndivyo kanisa letu linavyofundisha, na sababu zake ni hizi.

Dakika tano za mwisho ni za daftari dogo ambalo halisahihishwi. Jambo hili limeleta ubishi mkubwa kuliko mengine yote, hata miongoni mwa wakufunzi, maana mthibiti ubora wa shule akiona daftari lisilo na kalamu nyekundu atauliza mwalimu alikuwa wapi. Sisi twashikilia kwamba liachwe. Mtoto akijua kwamba mwalimu atasoma, atamwandikia mwalimu. Katika somo la dini hilo ni kosa la msingi, kwa sababu anayeandikiwa si mwalimu.

Yule mwanachuo amekwisha kuhitimu, na sasa anafundisha mkoa mwingine. Alama ya C imo katika kumbukumbu zake na utaratibu hauturuhusu kuibadili. Tulimwandikia barua kumweleza tulivyokosea. Alijibu kwa adabu, kwa kifupi, kwamba ana darasa la watoto 94 na Biblia 4, mojawapo haina kurasa za mwanzo mpaka kitabu cha Kutoka. Akauliza tunamshauri awagawe vipi kwa lile zoezi la kusoma na kufunga. Bado hatujampa jibu linaloturidhisha. Tumefikiria kuandika kifungu ubaoni na kukifunika kwa kitambaa, tumefikiria makundi yanayopokezana, na kila njia ina kasoro yake. Wenzetu waliokwisha kulijaribu katika darasa kubwa kama hilo, tungefurahi wakituandikia katika toleo lijalo walivyofanya.